Ngozi ya Paja Haikondi

Mtu aliyekuwa na kilo 130 akashuka hadi 80 huja kliniki ya ngozi na lalamiko ambalo hakuna aliyemwandaa nalo. Sukari imeshuka, presha imetulia, magoti hayaumi tena. Lakini ndani ya mapaja imebaki ngozi inayoning'inia, inayotikisika akitembea na kunatana jasho likimtoka. Swali lake huwa ni hili: nipunguze kilo ngapi zaidi hadi hii iishe? Na wengi huja wakiwa wameshajijibu wenyewe, wameacha kula chakula cha usiku.

Jibu hilo ndilo linalowaumiza. Simama wima, ubane ngozi ya ndani ya paja, karibu na kinena, kwa kidole gumba na cha shahada, kisha uivute kidogo. Ukipata kitu kinene na laini kinachojaza vidole, bado kuna mafuta. Ukipata kikunjo chembamba ambacho pande zake mbili karibu zinagusana, umeshika ngozi tupu. Mafuta mwili huyachoma ukila pungufu, ngozi hauichomi. Anayeendelea kujinyima akiwa ameshafika hapo anapoteza misuli, na misuli ya paja ndiyo iliyokuwa ikiijaza ngozi hiyo kutoka ndani. Kadiri anavyojinyima, ndivyo paja linavyozidi kulegea.

Chini ya tabaka la juu la ngozi kuna tabaka nene lenye nyuzi za aina mbili: kolajeni, inayoipa ngozi uimara, na elastini, inayoirudisha mahali pake ikishavutwa. Elastini karibu yote hutengenezwa kabla hatujazaliwa na katika miaka ya mwanzo ya utoto, na mtu mzima huongeza kidogo mno. Ngozi iliyokaa miaka kumi au ishirini imetanuka juu ya mafuta, ukiitazama kwa hadubini, utakuta nyuzi zake zimekatikakatika na kolajeni imepungua. Kijana wa miaka 22 aliyepunguza kilo 20 anaweza kuiona ngozi ikirudi kwa kiasi kizuri ndani ya mwaka mmoja au miwili. Mama wa miaka 50 aliyebeba uzito tangu ujana na kuupunguza kwa kilo 50 hatauona mrudio huo, hata apake nini. Sigara huongeza uharibifu, na kurithi nako kuna sehemu yake.

Paja la ndani lina shida yake ya pekee. Ngozi ya pale ni nyembamba, mafuta yake ni laini, na haikushikiliwa sana na tabaka gumu lililofunika misuli, tofauti na paja la nje. Mafuta yakiondoka, ngozi hiyo huporomoka kuelekea gotini. Mwaka 2005 madaktari wa Pittsburgh, Marekani, walipotunga kipimo cha kukadiria ulegevu wa mwili baada ya kupungua uzito sana, waligawa mwili katika sehemu kumi na kila moja wakaipa alama kuanzia 0 hadi 3. Eneo la mapaja peke yake lilichukua nafasi tatu: nyonga na paja la nje, paja la ndani, na paja la chini pamoja na goti.

Zamani maswali haya yalikuwa machache. Sasa hospitali zetu zinaweka puto tumboni, Hospitali ya Mloganzila jijini Dar es Salaam ikiwamo, upasuaji wa kupunguza tumbo unafanyika, na sindano za kupunguza hamu ya kula zimeingia sokoni. Katika utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2021, waliochomwa sindano ya semaglutaidi huku wakifuata lishe na mazoezi walipungua kwa wastani wa karibu asilimia 15 ya uzito wao katika wiki 68. Mwenye kilo 120 hapo anaacha kilo 18. Kwa ngozi ya paja, hizo si chache.

Kabla ya upasuaji na bei zake, kuna jambo linalomsumbua mgonjwa kila siku, nalo ni mchubuko. Dar es Salaam au Mombasa ya mwezi Machi, mtu anatembea kutoka kituoni hadi ofisini, ngozi mbili zenye unyevu zinasuguana hatua kwa hatua. Jioni pamechubuka, panawasha, panatoa harufu. Vitabu vingi vya tiba vitakuambia utafute wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani vizuri. Unachokiona ni weusi uliokolea, au rangi ya zambarau, au ngozi iliyopauka na kuganduka pembeni. Ukiona vipele vidogo vimetawanyika nje ya ukingo wa doa kuu, fangasi wameshaingia.

Weusi huo ndio mlango wa balaa. Mgonjwa anaweza kuvumilia muwasho, lakini weusi wa mapajani unamnyima raha na unamfanya ajifiche hata kwa mwenzake. Anakwenda duka la dawa, anapewa mrija wa krimu ambao humo humo una dawa ya fangasi, dawa ya bakteria na steroidi kali, betamethasoni au klobetasoli. Siku tatu, muwasho kwisha. Siku kumi, weusi umepungua. Nani ataiacha krimu ya namna hiyo? Anaendelea nayo miezi sita, au anaichanganya kwenye mkorogo.

Sasa zingatia mahali inapopakwa. Mwaka 1967 Feldmann na Maibach walipima namna ngozi ya sehemu mbalimbali za mwili inavyofyonza haidrokotizoni, steroidi ya kawaida kabisa. Ngozi ya korodani ilifyonza mara 42 zaidi ya ngozi ya mkono. Kinena na mikunjo ya paja ni majirani wa pale, pana joto na unyevu, na mkunjo wenyewe huifunika dawa ikazidi kuzama. Steroidi kali ikitumika hapo kwa muda mrefu hukondesha ngozi, hukatakata kolajeni na kuacha michirizi mipana isiyofutika. Mtu aliyekuja na ngozi iliyolegea anaondoka na ngozi iliyolegea na kuwa nyembamba pia, na siku akitaka kufanyiwa upasuaji, daktari atakuwa anashona kitu kisichoshika uzi vizuri. Ningekuwa na uwezo wa kuondoa kitu kimoja tu kwenye mikoba ya wagonjwa wangu, ningeondoa mrija huo.

Kinachofaa ni rahisi na kinachosha. Osha kwa maji na sabuni isiyo kali, kisha ukaushe kwa kugusagusa na kanga laini, usisugue. Ukiwa nyumbani, laza kipande cha kitambaa cha pamba kwenye mkunjo ili ngozi zisigusane. Kabla ya kutoka, paka mafuta mazito ya mgando, au krimu yenye zinki oksaidi ile wanayopakwa watoto walioungua na nepi, kisha vaa taiti ya pamba inayofika karibu na goti, chini ya gauni, kanzu au dera. Wanaume nao wavae bukta ndefu ya kubana. Poda siipendi sana, kwa kuwa ikishalowa jasho huganda vipande na vipande vyenyewe huanza kukwangua. Shabu na ndimu hukaza ngozi kwa dakika chache na kuichoma kwa siku kadhaa.

Fangasi wakiwapo, klotrimazoli tupu, isiyochanganywa na kitu, asubuhi na jioni kwa wiki mbili hadi nne, inatosha kwa wengi. Wakirudi kila mara, pima sukari, hata kama mwaka jana ilikuwa sawa. Na kama mtoki umevimba, ngozi imekuwa ya moto na homa imepanda, hilo limeshavuka mipaka ya duka la dawa, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Kuna wanawake wachache ambao mapaja yao hayapungui hata kiuno kikiwa kimekwisha. Mafuta yao huuma yakibonyezwa, ngozi hupata alama za damu kuvilia kwa kugongwa kidogo tu, na unene hukoma ghafla kwenye kifundo, unyayo ukabaki mwembamba. Hao huenda wana lipedema, ugonjwa wa mafuta ambao kujinyima hakuutibu, na wamelaumiwa bure kwa miaka mingi.

Mazoezi yana kazi, ila si ile inayotangazwa. Kuchuchumaa na kuinuka, kupanda ngazi, kubeba uzito kidogo kidogo, vyote hujenga misuli, na misuli huijaza ngozi. Mtu mwenye ulegevu wa alama 1 kwenye kile kipimo cha Pittsburgh anaweza kuridhika na hapo. Misuli nayo inataka protini: gramu moja hadi moja na nusu kwa kila kilo ya mwili kwa siku, isipokuwa mwenye ugonjwa wa figo, ambaye amuulize daktari wake kwanza. Yai moja lina kama gramu 6, kikombe cha maharage yaliyopikwa kama 15, na dagaa wakavu wanavishinda vyote viwili kwa bei na kwa uzito. Unga wa kolajeni wa kukoroga kwenye maji humeng'enywa tumboni kama protini nyingine. Mashine za mawimbi ya joto husaidia ulegevu mdogo, na mwenye kikunjo cha kushika kwa kiganja atakuwa ametupa pesa. Kunyonya mafuta peke yake, kwa mtu ambaye ngozi imeshalegea, huongeza ulegevu.

Kinachoondoa ngozi iliyozidi ni kisu. Daktari Lewis wa Marekani alieleza upasuaji wa kuinua mapaja mwaka 1957, na kwa miaka 30 baada yake ukawa na sifa mbaya: ngozi ilivutwa juu na kushonwa kinenani, kisha uzito wake wenyewe ukaishusha tena, makovu yakahama hadi kuonekana chini ya chupi, na kwa wanawake sehemu za siri zikavutwa zikapanuka. Mwaka 1988 Lockwood akaonyesha namna ya kuufunga mshono kwenye tabaka gumu lililo chini kabisa ya kinena, ili ngozi isibebe mzigo peke yake. Mbinu hiyo ndiyo iliyouokoa upasuaji huu.

Ulegevu ukiwa juu tu, kovu hukaa kwenye mkunjo wa kinena. Ukiwa umefika gotini, linahitajika kovu refu la kwenda chini, palepale panapopita mshono wa ndani wa mguu wa suruali. Hapa pasiwepo kudanganyana. Unauza ngozi, unanunua kovu, na kwa sisi wenye ngozi nyeusi kovu linaweza kuvimba au kubaki jeusi kwa muda mrefu. Aliyewahi kuota kovu nene sikioni au kifuani aseme mapema. Ndani ya paja hupita pia mishipa ya limfu inayoelekea kwenye mitoki. Ikiharibiwa, mguu huvimba kwa miezi, mara chache moja kwa moja. Tafiti zikijumlishwa, takriban wagonjwa wanne katika kila kumi hupata tatizo la namna fulani. Mengi ni madogo, mshono kuachia au maji kujikusanya, na huisha kwa kusafishwa na kusubiri. Lakini huko kusubiri ni wiki kadhaa za kidonda mahali panapokutana na mkojo, choo na jasho.

Kwa hiyo uzito uwe umetulia miezi mitatu hadi sita kabla ya kupanga tarehe, na aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo kwa kawaida husubiri mwaka mmoja hadi mmoja na nusu. Huyo apimwe damu, madini ya chuma, vitamini B12 na protini, maana tumbo lililopunguzwa hufyonza kidogo na kidonda hakiponi kwa njaa. Sigara iachwe angalau wiki nne kabla. Kama ngozi ya tumbo nayo inahitaji kurekebishwa, mara nyingi huanza tumbo, kwa sababu kulivuta hubadilisha paja pia.

Yapo mambo ya nyumbani ambayo vipeperushi vya hospitali za nje haviyataji. Choo cha kuchuchumaa kitafungua mshono wa kinena. Tafuta kiti cha choo, hata cha plastiki kile kinachowekwa juu ya tundu, kabla ya siku ya upasuaji. Bodaboda ya kutanua miguu isahau kwa wiki sita. Anayeswali aswali akiwa amekaa kwenye kiti. Kutembea taratibu, kwa upande mwingine, huanza siku ileile au kesho yake, kwa sababu damu iliyolala mguuni huganda, na kigimbi kimoja kikivimba na kuuma, au pumzi ikikata ghafla, hiyo ni dharura.

Bima mara nyingi huuhesabu upasuaji huu kuwa ni urembo. Mwenye vidonda na fangasi wanaojirudia ahakikishe kila mara vimeandikwa kwenye faili lake, pamoja na tarehe na picha, kwani bila hayo hana hoja ya kupeleka.

Ukifika kwa daktari wa upasuaji rekebishi, muombe akuchore ukiwa umesimama, kwa kalamu, mbele ya kioo, kwa sababu ukilala ngozi huteleza na kudanganya. Muulize kovu litaishia wapi, nani atakuosha kidonda kikiachia siku ya kumi na mbili, na kama gharama hiyo imo kwenye bei uliyotajiwa. Kisha omba kuona picha za mapaja aliyoyafanya mwenyewe, za mwezi wa kwanza na za mwaka mmoja baadaye, za watu wenye ngozi ya rangi kama yako.