Ngoma ya Uluguru Ndani ya Simu: Ubora au Wepesi?

Morogoro ni mji wa muziki. Hapo ndipo Salum Abdallah alipoiongoza bendi ya Cuban Marimba hadi alipofariki kwa ajali ya gari mwaka 1965, na hapo ndipo Mbaraka Mwinshehe alipopatia jina akiwa na Morogoro Jazz, kabla ya kuunda Super Volcano mwaka 1973. Naye ajali ya gari ilimchukua, huko Mombasa, Januari 1979. Tunawasikia mpaka leo kwa sababu kazi zao zilirekodiwa na watu waliojali sauti. Siku hizi anayetaka kurekodi bendi ya mjini au ngoma ya Waluguru huko Matombo au Mgeta, kwenye milima ya Uluguru, anatoa simu mfukoni tu, na ndipo linapokuja swali la lipi litangulie, ubora wa sauti au wepesi wa kuibeba na kuituma. Jibu langu ni kwamba vyote viwili vina nafasi yake: ubora utawale wakati wa kurekodi, wepesi utawale wakati wa kusambaza. Hasara huanza pale wepesi unapoachiwa kutawala kote.

Mvutano huu haukuanza na simu. Utepe wa studio, kama uliotumiwa na redio, ulikuwa na upana wa milimita 6.35, na kwa kawaida ulipita kwenye mashine kwa mwendo wa sentimita 19 au 38 kwa sekunde. Kaseti, iliyoletwa na kampuni ya Philips mwaka 1963, ina utepe wa milimita 3.81 tu, unaokwenda chini ya sentimita 5 kwa sekunde. Utepe mwembamba unaokwenda polepole una nafasi ndogo ya kushika sauti, kwa hiyo sauti za juu hufifia na mvumo husikika zaidi. Hata hivyo kaseti ilishinda, na ilistahili kushinda. Ilicheza kwa betri, ilistahimili safari ya basi, na iliweza kudurufiwa nyumbani. Lakini kila nakala iliyotolewa kwenye nakala ilipungua kidogo, na nyumba iliyobaki na nakala ya nne au ya tano haikuwa na njia ya kurudisha kilichopotea.

Faili la MP3 linapungukiwa kwa namna nyingine. Muziki wa CD hutumia takribani kilobiti 1,411 kwa kila sekunde, ilhali MP3 nyingi hutumia 128, yaani kama sehemu moja ya kumi na moja. Programu hukadiria sauti ambazo sikio halitazitambua kwa kuwa zimefunikwa na nyingine kubwa zaidi, kisha huzitupa. Kwa mtu anayezungumza, hesabu hiyo haina madhara makubwa. Njuga, manyanga na pigo kali la ngoma ndivyo vinavyoumia, kwa maana mlio wake ni wa ghafla na umejaa sauti za juu. Faili likibanwa mno, njuga husikika kama maji yanayochuruzika. Likibanwa tena kila linapogeuzwa na kutumwa, makosa hujilimbikiza.

Wapo watakaosema kwamba bila wepesi kusingekuwa na rekodi yoyote, na wana hoja nzito. Mtafiti wa muziki Hugh Tracey alipopita Tanganyika mwaka 1950 akirekodi muziki wa asili, alihitaji gari na vifaa vizito. Kwa vifaa vya namna hiyo, kijiji cha Uluguru kinachofikiwa kwa kupanda mlima kwa miguu hubaki nje ya kumbukumbu. Rekodi hafifu ya mzee anayeimba inashinda kwa mbali ukimya baada ya mazishi yake. Ila hoja hiyo inatetea udogo wa mashine, haitetei kubana faili. Simu ileile inayopanda mlimani inaweza kuhifadhi sauti bila kuipunguza.

Wengine watataja nafasi na bei ya bando. Saa moja ya sauti ya stirio isiyobanwa, kwa kiwango cha CD, huchukua takribani megabaiti 635. Hizo ni nyingi kuzituma, lakini memori kadi ya gigabaiti 32 hubeba saa 50 hivi za namna hiyo, na kadi haili bando. Ni kweli pia kwamba kwenye spika ya simu wasikilizaji wengi hawataona tofauti. Lakini rekodi haifanywi kwa ajili ya spika ya leo pekee. Kampuni ya Dizim Records ya Ujerumani ilitoa CD ya nyimbo za Salum Abdallah miongo kadhaa baada ya kifo chake, kwa vifaa vya kusikilizia ambavyo yeye hakuwahi kuviona. Kutoka kwenye rekodi kamili utatoa faili dogo wakati wowote. Kutoka kwenye faili dogo hutapata kamwe rekodi kamili.

Kwa hiyo anayerekodi achague WAV, yaani faili lisilobanwa, kwenye programu ya simu, aweke simu mbali kidogo na ngoma kubwa ili sauti isipasuke, na ahifadhi faili la kwanza mahali pawili. Kisha atengeneze MP3 na kuisambaza kwa moyo mkunjufu. Akihitaji kumpelekea mtu rekodi yenyewe kwa WhatsApp, aitume kama dokumenti, si kama ujumbe wa sauti unaobanwa sana. Gharama yake ni kadi moja na dakika chache za uangalifu, na wasanii wa Morogoro wa leo wanastahili angalau hicho.