Sarafu Iliyoharibika na Sarafu ya Namna ya Pekee

Wakusanyaji wa sarafu za kigeni mara nyingi hubishana juu ya sarafu yenye alama isiyo ya kawaida: je, imeharibika, au ilitoka hivyo kiwandani? Jambo hili si dogo, maana asiyejua hutoa fedha nyingi kwa kitu kibovu, au hutupa kitu cha thamani. Twaona vema kulieleza kwa mfano wa hela za Wadachi, ambazo jina lake watu hulitumia hata leo kwa maana ya fedha.

Katika Vita Kuu ya 1914 hata 1918, manowari za Waingereza zilifunga njia ya bahari, na sarafu kutoka Ulaya zikakosekana. Basi mwaka 1916 Wadachi walipiga hela 5 na hela 20 katika karakana ya reli huko Tabora, wakazitia herufi T. Mihuri ya kupigia hela 20 haikufanana. Ziko zenye taji kubwa na zenye taji dogo. Tena ncha za herufi L katika neno HELLER ziko zilizochongoka na ziko zilizopinda. Nyingine ni za shaba nyekundu, nyingine za shaba ya manjano. Zote hizo ni namna za kweli.

Kanuni ni hii: tofauti ya kweli hutoka katika muhuri au katika madini yenyewe, kwa hiyo huonekana vilevile katika sarafu nyingi. Dosari huipata sarafu moja baada ya kutoka kiwandani. Yapasa kutazama mambo manne.

Kwanza, mstari. Muhuri ukipasuka, shaba huingia katika ufa, na mstari juu ya sarafu huwa umeinuka. Mkwaruzo wa kisu huwa umezama.

Pili, tundu. Hela 10 zilizopigwa kati ya 1908 na 1914 zina tundu la asili katikati. Hela 20 za Tabora hazikuwa nalo. Yenye tundu ilitobolewa baadaye, pengine ipate kuvaliwa shingoni.

Tatu, herufi iliyokosekana. Muhuri ukizibwa na uchafu, herufi haitokei, lakini uso wa mahali pale ni sawa na pengine. Herufi iliyokwanguliwa huacha bonde na alama za tupa.

Nne, rangi. Shaba ya manjano ikilowekwa katika maji ya ndimu hugeuka nyekundu juu juu, na mwenye hila aweza kuiuza kama shaba nyekundu. Tazama palipokwaruzika: ndani ni ya manjano.

Tena, msizisugue sarafu kwa mchanga wala majivu, maana mtafuta alama zile zile zinazotafutwa. Na mtu akiwaletea sarafu akisema haina mfano wake duniani, msifungue mkoba upesi. Tafuteni kwanza ya pili iliyo kama hiyo.