Kusahihishana kwa Utaratibu: Funzo Kutoka Programu Huria

Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi marekebisho yanavyotolewa katika programu huria za kompyuta, na faida ambayo mwalimu wa shule ya msingi aweza kuipata humo.

Programu huria ni ile ambayo msimbo wake, yaani maagizo ambayo kompyuta huyafuata, umewekwa wazi ili kila mtu ausome, autumie na aurekebishe. Mathalani Linux, iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, imekwisha kuandikwa na maelfu ya watu waliotawanyika duniani. Yawezekanaje kazi hiyo isivurugike?

Jibu ni utaratibu. Kwanza, mchangiaji haigusi nakala kuu. Hufanya kazi katika nakala yake mwenyewe. Pili, badiliko lake, liitwalo kiraka, hushughulikia jambo moja tu. Tatu, huandika maelezo: kosa ni lipi, na kwa nini njia aliyoichagua yafaa. Nne, hulijaribu kabla ya kulituma. Ndipo msimamizi wa sehemu hiyo hulikagua. Aghalabu kiraka hurudishwa, kikarekebishwa na kutumwa tena, pengine mara nyingi. Hilo si fedheha. Ndiyo kazi yenyewe.

Kosa likimpita mkaguzi, hasara yaweza kuwa kubwa. Mwishoni mwa mwaka 2011 OpenSSL, programu huria ilindayo siri za mawasiliano katika intaneti, ilipokea badiliko ambalo halikuhakikisha urefu wa taarifa zinazoombwa. Mkaguzi hakuliona kosa hilo. Lilipogunduliwa mwaka 2014, na kupewa jina la Heartbleed, siri za tovuti nyingi zilikuwa zimekaa hatarini kwa miaka miwili.

Je, darasani tufanyeje? Wanafunzi wasomeanapo insha, msahihishaji asifute wala kuandika juu ya kazi ya mwenzake. Aandike katika kipande cha karatasi kosa moja, sahihisho lake na sababu. Mathalani, akikuta “watoto amefika”, haitoshi kuandika “wamefika”. Hana budi kueleza kwamba watoto ni wengi. Mwenye insha aamue kukubali, au akatae kwa hoja, na mwalimu awe msimamizi wa mwisho.

Alama nyekundu isiyo na sababu humwonyesha mtoto kwamba amekosa. Haimwonyeshi njia ya kupata.