Kutu Huanzia Ukingoni

Mwaka 1977 chama cha ANC cha Afrika Kusini kilipewa shamba la mkonge lililotelekezwa Mazimbu, pembeni mwa mji wa Morogoro. Hapo ndipo ilipojengwa shule iliyokuja kuitwa Solomon Mahlangu Freedom College, ambayo mwaka 1992 ilikabidhiwa Tanzania na sasa ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Kuanzia mkonge hadi chuo, kila aliyejenga hapo amelazimika kupambana na kutu. Utomvu wa mkonge una tindikali, na tindikali hula chuma. Mvua za masika nazo hazina huruma.

Maji peke yake hayaleti kutu, wala hewa peke yake. Lazima vikutane. Tone likitua juu ya chuma kitupu, sehemu moja ya chuma hicho huachia elektroni na kuyeyuka ndani ya maji. Elektroni hizo hupita ndani ya chuma hadi pale oksijeni inapoingia majini, zikapokelewa huko. Ni betri kamili, ndogo isiyoonekana kwa macho. Chuma kilichoyeyuka huungana na oksijeni na kugeuka unga wa kahawia. Udongo mwekundu wa miteremko ya milima ya Uluguru unapata rangi yake kwa oksidi za chuma za jamii hiyohiyo. Kiwandani tunachoma mawe yenye oksidi hizo kwa moto mkali ili kuiondoa oksijeni. Mvua inairudisha bure.

Chumvi huyafanya maji yapitishe umeme vizuri zaidi, ndiyo maana bati lililoezekwa Kigamboni, karibu na bahari, huchakaa mapema kuliko la aina ileile lililoezekwa Mazimbu.

Kinga ya bati ni zinki. Karatasi ya chuma hupitishwa kwenye zinki iliyoyeyushwa, yenye joto la nyuzi 450 hivi, ikatoka imevikwa ngozi nyembamba mno: bati lenye gramu 275 za zinki kwa mita ya mraba, pande zote mbili kwa pamoja, lina unene wa zinki wa takriban maikromita 20 tu kila upande. Lakini zinki si koti tu. Yenyewe huachia elektroni kwa wepesi kuliko chuma, kwa hiyo ukilikwaruza bati, zinki ya jirani hujitoa iliwe badala ya chuma. Kwa muda. Ikiisha, zamu ni ya chuma.

Angalia bati lililokatwa kwa grainda. Joto limeunguza zinki ukingoni, na cheche zimetua juu ya bati na kuganda. Baada ya mvua chache kila cheche inakuwa kitone cha kahawia. Mkasi wa bati ni wa polepole, ila hauachi jeraha hilo. Fundi aliyetumia grainda afagie vumbi la chuma siku hiyohiyo. Saruji mbichi nayo ikidondoka kwenye bati ifutwe kabla haijakauka, maana ukali wake hula zinki.

Wengi tunanunua bati kwa kuuliza geji. Geji ni unene wa bati, na namba ikipanda unene unapungua: geji 28 ni nene kuliko geji 32. Haikuambii kuna zinki kiasi gani, na zinki ndiyo inayoamua kutu itaanza lini.

Rangi inasaidia, ikipakwa kwa akili. Rangi ya mafuta juu ya bati jipya lisilo na rangi ya msingi inayofaa zinki hubanduka, kwa sababu zinki humenyuka na mafuta ya rangi hiyo na kufanya kitu kama sabuni. Kwenye geti lililokwisha kushika kutu, sugua kwa brashi ya waya hadi chuma king'ae, kisha paka rangi ya kuzuia kutu kabla ya ile ya urembo. Kupaka juu ya kutu ni kutupa pesa: unyevu unabaki chini, na kazi inaendelea gizani.

Basi dukani uliza geji, kisha uliza gramu za zinki. Muuzaji asiyejua, mwombe akuonyeshe maandishi ya kiwandani yaliyochapwa kwenye bati lenyewe.