Sheria: Kundi la wahalifu ni kosa hata kabla ya wizi

Polisi anayefunzwa kuwa OPJ nchini DRC lazima aelewe vizuri ibara ya 156 ya sheria ya makosa ya jinai. Watu wakiunda kundi ili kushambulia watu ao mali, hilo peke yake ni kosa, hata kama hawajaiba kitu.

Adhabu ni kifo, kwa wakubwa wa kundi, wafuasi, na aliyewapa silaha kwa kujua. Machi 2024, serikali iliondoa zuio la kutekeleza adhabu hiyo.

Kwa hiyo, kukutwa pamoja usiku hakutoshi. OPJ anapashwa kuonyesha nani aliamuru na kwa lengo gani. Katiba inampa saa 48 tu. Kisha mshukiwa aachiliwe ao apelekwe mbele ya sheria.