Video za Bure Hulipiwa na Nani?

Katika Idara yetu hapa Uganda ni jambo la kawaida mwalimu wa Kiswahili cha mwanzo kuwaagiza wanafunzi wakatazame video katika YouTube: nyimbo za watoto, hadithi, hata Ubongo Kids ya Tanzania. Hakuna anayelipa hata shilingi. Tumeona vyema basi tueleze ni nani anayelipa, na ananunua nini.

Mtu anapofungua video, kampuni huweka kumbukumbu ya alichotafuta, alichotazama na mahali alipochoka akaacha. Katika kazi hiyo hutumika pia vidakuzi, yaani vijifaili vinavyowekwa katika kompyuta au simu ili mtazamaji atambulikane akirudi. (Waliobuni istilahi hii walichagua vizuri, kwani inatukumbusha kitenzi dakua, kutoa siri.) Kijana akitazama video kadhaa za viatu huwekwa katika kundi la wapenda viatu. Muuza viatu hauziwi jina lake. Hununua nafasi ya kuwa mbele ya macho yake, na nafasi hiyo hupigwa mnada na kompyuta kabla ukurasa haujamaliza kufunguka.

Mfano unaojulikana sana ni wa Marekani, ambako sheria ya mwaka 1998 inakataza kukusanya habari za mtoto aliye chini ya miaka 13 katika intaneti bila idhini ya mzazi. Mnamo Septemba 2019, Google na YouTube zilikubali kulipa dola milioni 170 ili kumaliza kesi iliyohusu sheria hiyo. Kwa mujibu wa mashtaka, kampuni ilishikilia kwamba YouTube si mahali pa watoto, huku ikijisifu kwa watengenezaji wa vitu vya kuchezea, Mattel na Hasbro, kwamba inaongoza kwa kuwafikia watoto. Ndimi mbili hizo!

Tangu Januari 2020, video zilizotiwa alama kuwa ni za watoto hazipaswi kuletewa matangazo yanayofuata mwenendo wa mtazamaji. Matangazo yenyewe yapo, ila huchaguliwa kulingana na video. Mwaka 2021 Google ilitangaza kuacha kuwalenga kwa mambo wanayoyapenda wote walio chini ya miaka 18. Lakini umri huo hujulikanaje? Katika nyumba nyingi za kwetu simu ni moja, na mtoto anayeiazima huhesabiwa kuwa ni baba mwenye akaunti.

Uganda nayo ilipata Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha mwaka 2019, nayo yadai idhini ya mzazi au mlezi. Kwa upande wetu, tumeanza kuonyesha video darasani kwa kompyuta moja ya mwalimu badala ya kumtuma kila mwanafunzi azitafute. Tangu hapo kompyuta hiyo humletea mwalimu nyimbo za kuhesabu hadi kumi, kila aifunguapo, hata siku za mtihani.