Betri Ikihamia Kwenye Buti, Fyuzi Itangulie

Kwenye magari mengi, waya mnene unaotoka kwenye betri kwenda kwenye stata hauna fyuzi. Watengenezaji huuacha hivyo kwa sababu ni mfupi, na safari yake yote inaishia chini ya boneti. Betri ikihamishiwa kwenye buti, waya huo unafikia mita 4 au 5. Unapita chini ya zulia na kando ya viti, unapenya matundu ya bati, na muda wote una umeme, hata gari likiwa limezimwa na funguo ziko mfukoni mwako.

Watu huidharau betri ya volti 12 kwa kuwa haimrushi mtu. Lakini ikipiga shoti inaweza kutoa zaidi ya ampea 1,000. Ukingo wa bati ukiuchubua waya kidogo kidogo kwa mtikisiko wa barabara, siku shaba itakapogusa bodi waya utakuwa mwekundu kama kaa la moto na zulia litashika, watu wakiwa wamekaa juu yake. Kuzima swichi hakusaidii, maana waya huo haupiti kwenye swichi.

Ndiyo maana nasisitiza fyuzi kabla ya jambo jingine lolote. Iwe ile kubwa ya kufungwa kwa nati, na iwe karibu na betri yenyewe, isizidi sentimita 30 kutoka kwenye terminali ya chanya. Fyuzi iliyowekwa mbele, jirani na stata, hailindi chochote: shoti ikitokea katikati ya gari, umeme haufiki kwenye fyuzi hiyo. Kwa injini ndogo ya petroli, mara nyingi fyuzi ya ampea 200 hadi 300 hutosha, ilimradi isizidi kile ambacho waya unaweza kubeba. Isikutie hofu kwamba itakatika kila asubuhi. Stata huvuta umeme mwingi kwa sekunde chache tu, na fyuzi za aina hii huchelewa kukatika. BMW, ambao magari yao mengi ya 3 Series hutoka kiwandani na betri kwenye buti, waliweka kinga ya aina yake: terminali yenye baruti kidogo, inayokata waya wa stata gari linapogongwa na mifuko ya hewa kufunguka.

Unene wa waya nao una hesabu yake. Chukua stata inayovuta ampea 200. Waya wa shaba wa milimita za mraba 16, wenye urefu wa mita 5, utakula zaidi ya volti 1 njiani, na injini itazunguka kwa kujivuta. Wa milimita za mraba 50 utakula kama theluthi moja tu ya volti. Na iwe shaba kweli. Nyaya nyingi za bei rahisi zinazouzwa kwa ajili ya muziki wa gari ni alumini iliyopakwa shaba. Kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukiona weupe ndani, urudishe dukani.

Upande wa hasi husahaulika. Unafungwa kwenye bodi hapohapo kwenye buti, kwa waya wenye unene uleule, rangi ikiwa imekwanguliwa mpaka bati ling'ae. Kisha waya unaounganisha injini na bodi kule mbele nao uongezwe unene. Ukiwa dhaifu, umeme wa stata utatafuta njia nyingine ya kurudi, hata kupitia kebo ya klachi au ya mafuta, na kuziunguza.

Kuna hewa pia. Betri inapochajiwa hutoa haidrojeni, na ikifika asilimia 4 tu ya hewa ya mahali palipofungwa, cheche moja inatosha kuilipua. Mazda MX-5 ya mwaka 1989 ilikuwa na betri kwenye buti, na mpira wa kutoa hewa hiyo nje ya gari. Fanya vivyo hivyo. Betri ya maji ya kawaida isikae kwenye buti bila sanduku lililofungwa lenye bomba la kutokea nje, hasa kwa magari kama Vitz au Probox, ambako buti na viti ni chumba kimoja.

Kamba za mpira hazifai kuishikilia. Betri ya kilo 15, kwenye ajali kali, husukuma mbele kwa nguvu ya kilo 300. Tumia trei ya chuma, na bolti zinazopenya sakafu zikiwa na washa pana. Kabla ya kutoboa, ingia chini ya gari uangalie tenki, bomba la mafuta na bomba la breki viko wapi.

Kama sababu yako ya kuhamisha betri ni kusawazisha uzito tu, kwa gari la kwenda kazini, acha betri ilipo, hutaona tofauti. Kama injini uliyoweka imemaliza nafasi, kazi hii ina maana.

Ukimaliza, usirudishe zulia kwanza. Weka ncha moja ya mita ya volti kwenye chanya ya betri, nyingine kwenye nati ya stata, mtu apige stata. Ikizidi nusu volti, kuna kiungo kilicholegea au waya ni mwembamba.